Jina haliko kwenye mashini: tusafishe programu tulizorithi

Kuna sentensi moja ambayo kila mtu aliyewahi kupanga mstari wa msaada hapa Bukavu anaijua. Mama amesimama tangu saa kumi na mbili asubuhi, mtoto mgongoni, jetoni mkononi. Zamu yake inafika. Kijana anaandika jina, anatazama kioo cha kompyuta, halafu anasema: "Mama, jina yako haiko mu mashini. Ukuye kesho."

Kesho anarudi, na jibu ni lilelile. Hapo maneno yanaanza. Huyu anasema chefu wa avenyu ameuza majina, yule anasema ni ukabila, mwingine anasema chakula kimekwisha kugawanywa usiku. Wizi upo, hatuwezi kukataa, na redio zetu zimeusema mara nyingi. Lakini kuna sababu nyingine ambayo hatuizungumzii, kwa kuwa haionekani na haina sura. Ni programu yenyewe, ile inayotunza majina. Iliandikwa na mtu aliyekwisha kuondoka, ikaongezwa vipande na wengine watatu, na leo hakuna mtu katika ofisi ile anayeweza kukueleza inafanya kazi namna gani.

Maoni yangu ni haya: kusafisha programu hizi za kurithi ni kazi ya kibinadamu sawa na kusafisha chemchemi ya maji. Mashirika, wafadhili na vyuo vyetu wanapaswa kuipa muda, pesa na heshima. Kwa sasa haina hata kimoja kati ya hivyo vitatu.

Programu ni karatasi ya maagizo

Kwa wale ambao hawafanyi kazi na kompyuta, nieleze kwa ufupi. Programu ni maagizo yaliyoandikwa, mstari kwa mstari. Ni kama karatasi unayomwachia mtoto wa nyumbani unapoenda sokoni Kadutu: washa makala, chemsha maji, yakichemka weka unga, ikiwa wageni wamefika ongeza kipimo. Mtoto ana akili, akiona unga umekwisha atakwenda kwa jirani. Mashini haina akili hiyo. Inafuata karatasi tu, hata kama karatasi imekosea.

Sasa fikiri karatasi hiyo imepita mikononi mwa watu wanne. Wa kwanza aliandika kwa Kifaransa. Wa pili alikata mistari mitano, lakini hakuifuta kabisa. Wa tatu alinakili ukurasa wa kwanza na kuubandika mwishoni akibadilisha neno moja. Wa nne aliandika pembeni, "usiguse hapa," bila kusema kwa nini. Bugali bado inapikika, ndiyo. Lakini siku moja haiivi, na hakuna anayejua ni mstari gani wa kurekebisha.

Hali hiyo wanaoandika programu wanaijua dunia nzima. Mwaka 2004 mwandishi Michael Feathers alitoa kitabu kizima juu ya kazi ya kurekebisha programu za kurithi. Kwake, programu ya kurithi si lazima iwe ya zamani. Ni programu yoyote isiyo na majaribio, maana yake haina njia ya kuhakikisha haraka kwamba bado inafanya kile ilichofanya jana. Kwa kipimo hicho, programu iliyoandikwa mwezi uliopita hapa kwetu inaweza tayari kuwa ya kurithi.

Namna zinavyozaliwa hapa Muhumba

Hapa Muhumba, kando ya ziwa, mashirika mengi yamepanga nyumba. Ukipita barabarani utaona vibao kwenye mageti. Ukirudi baada ya miaka miwili au mitatu, baadhi ya vibao vimebadilika. Mradi umekwisha, mwingine umeanza. Meza na viti vinahamishwa, kompyuta zinapewa shirika jingine, na ndani ya kompyuta zile kunabaki programu ya orodha. Hakuna anayeandika katika ripoti ya makabidhiano: "Tumewaachia pia maagizo elfu sita ambayo hatuyaelewi." Magari yanahesabiwa, jenereta inahesabiwa, programu haihesabiwi.

Kisha vikaja vishindo. Mei 2023 mafuriko yaliharibu Bushushu na Nyamukubi huko Kalehe, yakaua watu zaidi ya 400 na kuacha familia nyingi bila nyumba. Mwaka 2024 watu waliendelea kukimbia vita kutoka upande wa Minova. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na miradi mingi ikakatwa katikati. Februari 2025 yakaja matukio ya mji wetu wenyewe, mabenki yakafunga milango, na wafanyakazi wengi wakavuka mpaka au wakaenda upande mwingine wa nchi. Katika kila kishindo orodha ziliongezeka na watu waliozijua walipungua. Aliyeandika programu yuko Bujumbura, Kinshasa au Kampala, namba yake ya zamani haiingii, na aliyebaki ni kijana wa miaka 24 aliyeajiriwa kuingiza majina, ambaye anaambiwa: "Wewe si ulisoma enformatike? Rekebisha."

Nataka tumhurumie kijana huyo. Vilevile nataka tusimtukane yule aliyeondoka. Watu wa kazi hii wana tabia mbaya: akifungua programu ya mwenzake, neno la kwanza ni "huyu alikuwa mjinga." Hakuwa mjinga. Aliandika usiku kwa sababu kurani ilirudi saa tano, ikakatika tena saa nane. Alikuwa na mega mia tatu za intaneti. Mfadhili alibadilisha fishi ya maswali mara nne, na ugawaji ulikuwa Jumatatu. Alifanya kama tunavyofanya sote nchini hapa tangu zamani: Artikle ya 15, jipange mwenyewe. Programu zetu nyingi zimejengwa juu ya artikle hiyo. Ilituokoa siku ile. Haiwezi kuwa msingi wa miaka kumi.

Jina linapopotea

Tuchukue mifano ya kwetu, maana ugumu huu hauko mbinguni.

Sisi Wakongomani wengi tuna majina matatu: jina, jina la nyuma yake ambalo kwa Kifaransa tunaita postnom, na prénom. Desturi ya postnom ilienea tangu siasa ya uhalisi ya Mobutu mwaka 1972, majina ya Kikristo yalipokatazwa. Lakini programu nyingi zilizotoka nje zina visanduku viwili tu. Basi mtu wa kwanza aliamua kuweka postnom pamoja na jina. Mtu wa pili akaja, akaiweka pamoja na prénom. Wa tatu akaongeza sanduku la tatu, lakini hakurekebisha majina ya zamani. Sasa ndani ya orodha moja kuna desturi tatu. Mwaka huu ukimtafuta mama kwa namna ya tatu, naye aliandikwa kwa namna ya kwanza, mashini itasema hayuko. Hakuna aliyesema uongo, na hata hivyo mama analala njaa.

Angalia tena majina ya Kishi yanayoanza na M' yenye apostrofi. Katika lugha ambayo kompyuta nyingi hutumia kuuliza orodha, alama hiyo ina maana ya pekee: inafungua na kufunga maneno. Mwandishi wa programu asipojihadhari, jina la M' linakata swali katikati na programu inasimama. Dawa ya haraka ni kuifuta ile alama. Lakini ukiifuta wakati wa kuandikisha na usiifute wakati wa kutafuta, umewatoa nje akina mama wengi kwa kosa la alama moja ndogo kuliko punje ya mtama.

Kisha simu. Kuna programu zinazotambua familia kwa namba ya simu. Ilionekana rahisi. Lakini familia iliyokimbia inauza simu, au inatumia ya jirani, au imevuka Ruzizi na sasa ina namba inayoanza na 250 ya Rwanda au 257 ya Burundi badala ya 243 yetu. Programu iliyoandikwa kukubali 243 peke yake inakataa. Anayeingiza majina, ili kazi iendelee, anaandika namba yake mwenyewe. Baada ya mwezi familia kumi na tano zina namba moja, na mkaguzi anasema kijana ni mwizi.

Mambo hayo matatu hayahitaji profesa kutoka ng'ambo. Yanahitaji mtu mmoja mwenye subira, anayejua majina yetu, na aliyepewa wiki sita za kufungua programu na kuipanga.

Mashini ikiaminiwa kuliko mtu

Mtu anaweza kusema: haya ni mambo ya nchi maskini. Hapana. Tazama Uingereza. Mwaka 1999 ofisi ya posta ya nchi ile ilianza kutumia programu ya hesabu iitwayo Horizon, iliyotoka kwa kampuni ya Fujitsu. Mwanzoni mradi ule ulikuwa na kazi nyingine pia, kulipa misaada ya serikali kwa kadi. Sehemu hiyo ikaachwa, na iliyobaki ikageuzwa kuwa hesabu za posta. Programu ilikuwa na makosa, ikaonyesha upungufu wa pesa ambao haukuwapo. Wenye kuendesha posta ndogo za vijijini walisema, "Sikuiba." Wakaambiwa mashini haikosei. Zaidi ya watu 900 walihukumiwa. Wengine walifungwa gerezani, wengine walifilisika, na wapo waliojiua. Mwaka 2019 jaji wa mahakama kuu alikubali kwamba programu ilikuwa na kasoro, na mwaka 2024 bunge lilipitisha sheria ya kufuta hukumu zile. Miaka 25 kutoka mwanzo hadi mwisho.

Ikiwa nchi yenye mahakama, magazeti na wanasheria wengi ilihitaji miaka 25 kukubali kwamba mashini ilikosea, mama kutoka Numbi atahitaji mingapi?

Marekani nayo, Aprili 2020, wakati wa korona, gavana wa New Jersey alitangaza hadharani kwamba anatafuta watu wa kujitolea wanaojua COBOL, lugha ya programu ya tangu mwisho wa miaka ya 1950. Watu wengi mno walikuwa wamepoteza kazi na kuomba msaada kwa wakati mmoja, na programu ya kuwalipa ilikuwa na umri wa miaka 40 na zaidi. Wenye kuijua walikuwa wamestaafu. Tajiri pia huacha nyumba bila kufagia, na siku ya wageni anaaibika.

Kuna mfano mwingine unaotugusa zaidi. Januari 2022 Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilitangaza kwamba wavamizi wa mitandao wameingia katika kompyuta zenye habari za watu zaidi ya 515,000. Walikuwa watu waliopotezana na jamaa zao kwa vita, kwa uhamaji au kwa maafa, na wafungwa pia. Wavamizi walipitia tundu katika programu moja ambayo dawa yake ilikuwa imekwisha kutolewa, lakini ilikuwa haijawekwa. Msalaba Mwekundu walisema jambo hilo waziwazi, na ninawapongeza kwa ukweli huo. Lakini tufikiri: shirika kubwa la namna ile, lenye wataalamu, lilipatwa. Je, kompyuta ile ya Muhumba yenye neno la siri ambalo ni jina la shirika na mwaka 2019, nayo ina majina ya familia, vijiji walivyotoka, nyumba wanakolala sasa na mara nyingine habari za mama aliyebakwa? Katika mji huu, kwa wakati huu, orodha kama hiyo ikianguka mikononi mwa mtu mbaya si tatizo la enformatike tena.

Je, tubomoe yote tujenge upya?

Nikiuliza vijana wanaoandika programu hapa mjini, wengi jibu lao ni fupi: tufute, tuanze upya. Ninaelewa. Nyumba ya kuungaunga inachosha. Lakini tuwe waangalifu.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 kampuni ya Marekani iitwayo Netscape ilikuwa na programu maarufu ya kufungulia kurasa za intaneti. Wakaona imekuwa mzigo, wakaamua kuiandika upya kutoka mwanzo. Iliwachukua muda mrefu. Toleo la tano halikutoka kamwe, wakaruka hadi la sita mwaka 2000, na wakati huo mshindani wao Microsoft alikuwa amekwisha kuchukua soko.

Karibu na kwetu kuna Ushahidi, programu iliyozaliwa Kenya Januari 2008, baada ya fujo za uchaguzi, ili watu watume habari za vurugu kwa simu na zionekane kwenye ramani. Mwaka huohuo ilitumiwa pia kukusanya habari za vita vya huku mashariki mwa Kongo. Programu ile iliyoandikwa kwa haraka ilienea duniani, ikaongezwa mengi, mwishowe wenyewe wakaamua kuandika toleo la tatu kuanzia chini. Waliweza, lakini ilichukua miaka, na walikuwa na timu, wafadhili na jina. Shirika dogo la Ibanda lenye mtu mmoja na nusu halina miaka hiyo. Ugawaji ni mwezi ujao.

Kwa hiyo njia ya busara ni ile ya fundi anayetengeneza nyumba huku watu wanaishi ndani: chumba kimoja kwa wakati mmoja.

Kazi yenyewe inavyofanyika

Kwanza, usiguse kitu kabla ya kuwa na nakala mbili mahali pawili tofauti. Chombo cha kutunza matoleo kiitwacho Git kipo tangu 2005, ni cha bure, na kinafanya kazi hata bila intaneti. Kwa mji wenye kurani ya kubahatisha, hiyo ni neema.

Pili, andika majaribio kabla ya marekebisho. Tunga familia ishirini za uongo zinazofanana na za kweli: moja yenye M', moja yenye majina mawili tu, moja isiyojua tarehe ya kuzaliwa, moja yenye namba ya Burundi. Zipitishe katika programu na uandike majibu. Kila baada ya badiliko, zipitishe tena. Jibu likibadilika bila wewe kutaka, simama.

Tatu, badilisha kidogo kidogo. Sehemu tatu zinazofanya kazi ileile, zifanye moja. Kitu kinachoitwa "x2_final_final", kiite "idadi_ya_watoto". Leo rekebisha majina, wiki ijayo namba za simu. Usifanye yote siku moja, hutajua ni kipi kimevunja.

Nne, na hili ni kubwa kuliko yote: uliza kabla ya kufuta. Tuseme ndani ya programu kuna mstari unaoruhusu mkuu wa familia awe na miaka 12. Msafishaji mpya anaona ni kosa, anaandika kwamba mkuu wa familia lazima awe na miaka 18. Ni usafi mzuri wa kuangalia kwa macho. Lakini mstari ule uliwekwa baada ya mafuriko au vita, kwa ajili ya watoto waliobaki peke yao na wadogo zao. Kwa kufuta mstari mmoja umewafuta yatima. Anayejua sababu mara nyingi si mtu wa kompyuta. Ni yule mama anayeandikisha watu chini ya hema, au mzee wa kamati ya waliohama. Nenda ukae naye.

Upande wa pili nao una hatari yake. Usiache kitu kwa woga tu. Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ulaya, Ariane 5, ililipuka chini ya sekunde 40 baada ya kuanza safari yake ya kwanza. Sehemu ya programu ilikuwa imenakiliwa kutoka Ariane 4. Katika roketi mpya sehemu ile haikuwa na kazi yoyote baada ya kuruka, lakini iliachwa iendelee. Roketi mpya ilikwenda kwa kasi ya pembeni kubwa kuliko ya zamani, namba ikazidi nafasi iliyotengewa, na kompyuta ikazima. Mstari usiojulikana sababu yake ni hatari ukiufuta, na ni hatari ukiuacha. Dawa ni kutafuta sababu, na ukishaipata, iandike.

Siku hizi vijana huuliza akili bandia iwaeleze programu ya zamani. Inaweza kusaidia sana kusoma mistari elfu sita. Lakini usiitumie majina ya watu. Mpe maagizo tu, orodha ya familia ibaki nyumbani. Na jibu lake lipitie majaribio kama jibu la mtu mwingine yeyote.

Nani afanye nini

Kwa mashirika na wafadhili: wekeni programu katika ripoti ya makabidhiano. Anayeondoka aache maagizo yenyewe, maneno ya siri kwa njia salama, kurasa tatu za maelezo kwa Kifaransa au Kiswahili, na mtu wa hapa aliyefundishwa. Katika bajeti ya kila mradi wekeni mstari wa usafi. Mnalipa kusafisha gari kila wiki. Na mradi ukiisha, orodha ambazo hazina kazi tena zifutwe kweli, maana jina lililofutwa haliwezi kuibiwa.

Zipo programu zilizotunzwa vizuri, tujifunze kwazo. Zone za afya za nchi yetu, zikiwemo 34 za Kivu Kusini, hutuma takwimu kwa DHIS2. Mizizi yake ni Afrika Kusini ya miaka ya 1990, ikiwa programu ndogo ya Microsoft Access. Baadaye iliandikwa upya kwa ajili ya intaneti na Chuo Kikuu cha Oslo pamoja na wenzao wa nchi nyingi. Imedumu kwa sababu maagizo yake yako wazi, maelezo yake yameandikwa, na watu wengi wanafundishwa kuitunza. Haitegemei kijana mmoja na simu yake.

Kwa vyuo vyetu, UCB, UOB, ISP na vingine: kila mwaka wanafunzi wa enformatike wanaandika TFC ya kutengeneza programu mpya ya kusimamia duka la dawa, shule au hoteli. Inatetewa, inapigiwa makofi, inakufa siku ileile. Kwa nini mwanafunzi asipewe programu iliyopo, chafu, inayotumiwa na watu, na TFC yake iwe kuisafisha bila kuivunja? Atajifunza zaidi, na mji utabaki na kitu.

Kwa vijana wa kazi hii: kusafisha hakuna sifa kama kuanzisha. Hakuna picha ya uzinduzi. Lakini fundi mwema anajulikana kwa nyumba isiyovuja, na mvua ya Bukavu haikosi.

Kwa ninyi jamaa mliohama: piga picha ya jetoni yako, au mwombe mwenye simu akupigie. Jina lako liandikwe kila mara kwa mpangilio uleule, kama lilivyo kwenye kadi ya uchaguzi ukiwa nayo. Ukiambiwa hauko kwenye mashini, omba kwa heshima mambo mawili: watafute kwa jina la kijiji na la watoto, si kwa jina lako tu, na malalamiko yako yaandikwe kwenye daftari, na tarehe. Kamati zenu ziombe orodha ya karatasi ibandikwe au isomwe pale ambapo usalama unaruhusu. Si fitina kuuliza. Wale wa posta ya Uingereza walishinda kwa sababu walikataa kunyamaza na walitunza karatasi zao.

Wapo watakaosema kwamba wakati wa vita si wakati wa kuzungumzia mistari ya kompyuta, kwanza chakula, kwanza dawa. Ninakubali kwamba chakula ni cha kwanza. Lakini leo chakula kinapitia orodha, na orodha inapitia programu. Gunia linaweza kufika salama kutoka mbali, likapita vizuizi vyote vya barabarani, halafu likamkosa mwenyewe kwenye hatua ya mwisho kwa sababu ya apostrofi. Barabara hiyo ya mwisho haina askari wala tope, na hatuhitaji ruhusa ya mtu mkubwa kuitengeneza. Tuianze na ofisi zilizo hapa Muhumba: kila moja ijiulize wiki hii ni nani anayeielewa programu yake ya majina. Kama jibu ni "hakuna", kazi imekwisha kujulikana.